Wageni wa kazi ya programu hawahitaji kuambiwa "jiamini"

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tujibu ushauri ambao vijana wanaoanza kazi ya kuandika programu hupewa kila wanapolalamika kuwa hawajiwezi: jiamini. Huupata kwa wazazi, kwa walimu wa chuo, na kwa wale wasemaji wanaoalikwa kwenye mahafali kutia watu moyo. Sisi tunaoandika barua hii kazi yetu ni kuwapokea vijana hao katika ofisi za hapa Mombasa na kukagua wanachoandika. Kwa tunavyoona, neno hilo halimfai kitu mtu aliyeikodolea macho skrini tangu saa mbili asubuhi na hajui hata faili anayotakiwa kuigusa iko wapi. Huyo hakupungukiwa imani. Amepungukiwa habari, na habari zenyewe zaweza kuenea kwenye karatasi mbili.

Hofu hii si mpya. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu sana masomoni na kazini, ilhali wenyewe waliamini kuwa wamewahadaa watu na siku moja watafichuliwa. Maelezo yao ni ya kweli, lakini mgeni wa programu ana jambo la ziada: mara nyingi kweli hajui. Chuoni alifundishwa kuandika programu ya mistari 300, kuanzia mstari wa kwanza, peke yake, apate alama. Kazini anakabidhiwa, tuseme, mistari 200,000 iliyoandikwa na watu 12, nusu yao wameshahama, kisha anaambiwa abadilishe mistari 4. Hizo ni kazi mbili tofauti, na ya pili hakuna aliyemfundisha.

Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale hutoka Ngome ya Yesu hadi Bandari ya Kale kwa vichochoroni huku akizungumza na simu. Mgeni, hata awe na shahada ya jiografia, atatokea mara tatu mbele ya mlango uleule, na hakuna atakayemwita mjinga. Lakini ofisini, mkongwe akimaliza kwa dakika 5 jambo lililomhangaisha mgeni saa 4, wote wawili husema ni akili. Saa 3 na dakika 55 kati ya hizo zilikuwa za kutafuta kichochoro.

Tuanze na laptopu, maana hapo ndipo wengi huvunjika moyo kabla hawajaandika neno. Kuifanya programu ya ofisi iwake kwenye mashine mpya huchukua siku 1 hadi 3. Ikichukua siku 3, hakuna aliyeshindwa. Sababu za kukwama ni chache na hujirudia. Ya kwanza ni toleo: mradi uliandikwa kwa Node 18 (Node ni programu inayoendesha msimbo wa JavaScript), laptopu ina Node 22, na maktaba moja ya zamani, yaani msimbo wa watu wengine ambao mradi unautegemea, inagoma. Ya pili ni faili ya siri, ile iitwayo .env. Haimo kwenye hazina ya Git, zana inayotunza msimbo na historia yake, kwa makusudi, kwa sababu ina neno la siri la hifadhidata. Mgeni akishusha msimbo huwa ameletewa nyumba bila funguo, na funguo hazitafutwi kwa bidii, huombwa kwa mtu. Ya tatu ni mlango (port), nambari ambayo programu hupokelea mawasiliano, kwa mfano 3000 au 5432, ambao umeshashikwa na programu nyingine inayoendelea chinichini. Ya nne ni ruhusa. Ujumbe wa kukataliwa kuingia kwenye hazina maana yake mara nyingi ni kwamba ufunguo wa SSH, unaokutambulisha kwa seva, haujasajiliwa, au mtu fulani hajakuongeza kwenye orodha. Tumewaona vijana wakilala na aibu kwa sababu ya orodha ambayo hawakuwa na uwezo wa kuifungua.

Andika kila amri uliyoipiga, kwa mpangilio, pamoja na kosa lililotokea na kilicholitatua. Ukimaliza, linganisha na maelezo ya usakinishaji yaliyomo kwenye mradi. Utakuta hatua moja au mbili zimepitwa na wakati. Zirekebishe na uwasilishe mabadiliko hayo yakaguliwe. Huo ndio mchango wako wa kwanza, na ni mchango ambao mkongwe hawezi kuutoa, kwa kuwa mashine yake ina kila kitu tangu miaka 4 iliyopita na haoni kinachokosekana.

Usijaribu kuusoma msimbo wote kama kitabu. Shika kitufe kimoja. Mombasa ni mji wa bandari na kampuni nyingi za hapa huandika programu za kusafirisha na kutoa mizigo, basi tuchukue fomu ya kusajili kontena. Fungua ukurasa kwenye kivinjari, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao (Network), kisha bonyeza "Hifadhi". Utaona ombi lililotumwa na anwani yake. Nakili kipande cha anwani hiyo, kitafute katika mradi mzima (kwenye VS Code, programu ya kuandikia msimbo, ni Ctrl+Shift+F), utafika kwenye funksheni, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, inayolipokea ombi hilo. Kutoka hapo fuata kila funksheni inavyoita nyingine hadi kwenye jedwali la hifadhidata. Chora mishale kwenye karatasi ya A4: kitufe, anwani, funksheni, jedwali. Njia moja kwa siku yatosha. Ukishachora njia 10 utakuwa umezijua barabara kuu, na vingi vilivyobaki ni vichochoro vinavyotoka humo.

Katika njia hiyohiyo huenda ukakuta kitanzi (maagizo yanayojirudia) cha ajabu: kinazichukua herufi 4 na tarakimu 6 za kontena, kinaipa kila herufi thamani yake, kinazidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, inayofuata kwa 4, kisha 8, hadi 512, kinajumlisha, kinagawanya kwa 11 na kutazama kinachobaki. Mgeni hudhani hii ni hesabu aliyoikosa darasani. La. Ni kanuni ya kontena duniani kote, ISO 6346, na kinachobaki ndicho tarakimu ya mwisho ya ukaguzi iliyoandikwa ubavuni mwa sanduku. Kikibaki 10, huandikwa 0. Karani akikosea tarakimu moja, karibu kila mara hesabu hukataa, na kontena la mtu mwingine halitolewi kwa makosa. Tunalitaja hili kwa kirefu kwa sababu sehemu kubwa ya yale mgeni "asiyoyajua" si programu hata kidogo. Ni biashara. Karani wa bandari ya Kilindini ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo atakueleza kwa dakika 10, tena kwa furaha, maana ni nadra kuulizwa.

Na hapo mtoto wa Pwani ana mtaji asioujua. Anajua kuwa kuna watu wanaoitwa Mwang'ombe, na kwamba fomu ikifa kila jina hilo linapoingizwa, ni ile alama ya ng' inayofunga maneno kabla ya wakati wake ndani ya agizo la SQL, lugha ya kuagizia hifadhidata. Dawa si kuwafutia watu alama ya jina lao. Dawa ni kupitisha jina kama parameta, yaani kando ya agizo, badala ya kuliunganisha nalo, na tundu hilohilo ndilo wezi wa mtandao hupitia, kwa hiyo ukiliziba umefanya kazi mbili. Anajua kwamba nambari za simu za Kenya haziko 07 tu, ziko pia 01, kwa hiyo ukaguzi unaokubali 07 peke yake unafukuza wateja. Anajua kuwa nambari ya simu si hesabu: ukiihifadhi kama namba kamili, sifuri ya mbele hupotea, na unapotuma ombi la malipo ya M-Pesa mfumo unataka ianze na 254. Anajua pia kwamba mteja akisema "ripoti itoke saa moja asubuhi" anataka 7:00 na si 1:00. Programu nyingi zimeamka usiku wa manane kwa sababu hiyo.

Sasa kuuliza. Wengi huambiwa "usiogope kuuliza", na wakiuliza hujibiwa "kwani hujajaribu?" Pande zote mbili zinahitaji kipimo. Sisi tunapendekeza dakika 30. Ukikwama, anza kuhesabu. Dakika 10 za mwanzo soma kosa lenyewe, ulisome kweli. Kwenye lugha ya Python mstari wa maana uko chini kabisa. Kwenye Java uko juu, na chanzo halisi mara nyingi kiko kwenye sehemu ya mwisho inayosema kosa limesababishwa na nini. Mistari ya katikati inayotaja maktaba za watu iruke, tafuta mstari unaotaja faili ya mradi wenu. Dakika 10 nyingine punguza tatizo: je, hutokea kwa rekodi zote au moja? Kwenye mashine yako tu au na kwenye seva ya majaribio? Lilikuwepo jana? Dakika 10 za mwisho andika swali. Si kuuliza, kuliandika tu. Maswali mengi hufia hapo, kwa sababu ukiandika ulichotarajia karibu na ulichopata, kosa hujitokeza lenyewe. Waandishi wa programu wa ng'ambo huzoea kumweleza tatizo bata wa mpira aliyewekwa mezani. Hapa kwetu paka hawajawahi kuadimika.

Swali likibaki, litume. Hivi ndivyo linavyoweza kuwa:

"Kaka, shikamoo. Nimekwama kwenye ripoti ya malipo ya Machi. Nilitarajia malipo ya saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi yawemo, yamehesabiwa Februari. Nimetazama jedwali la malipo, rekodi inasema 28 Februari, 22:00. Malipo ya mchana yako sawa. Nadhani ni ile tofauti ya saa 3 kati ya saa za Kenya na UTC, saa za kimataifa. Je, twahifadhi kwa UTC na kubadilisha wakati wa kuonyesha, au ripoti hii ilisahauliwa?"

Litazame vizuri. Lina kilichotarajiwa, kilichotokea, kilichojaribiwa, dhana, na swali moja linalojibika kwa sentensi moja. Mkongwe atalijibu akiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni. Lilinganishe na "Kaka, ripoti haifanyi kazi", ambalo litamlazimisha aje, akae, aanze upya, na akichoka aonekane amekasirika. Mgeni ataiona hasira hiyo kama hukumu juu ya akili yake, na siku ya pili hatauliza. Hivyo ndivyo mtu anavyonyamaza siku 4 juu ya jambo la dakika 5.

Jibu likija, liandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Upande wa kushoto swali, wa kulia jibu. Daftari hili lina kazi mbili. Linazuia swali moja kuulizwa mara tatu. Pia, mwisho wa wiki ya 4, lifungue ukurasa wa kwanza: maswali ya pale yatakuchekesha. Mtu mwenye shaka husahau alichojifunza mara tu anapokijua, kwa kuwa kikishajulikana huonekana rahisi. Daftari halisahau. Tena linatenganisha shaka na pengo la kweli. Ukikuta maswali 6 kati ya 20 yanahusu kuunganisha majedwali ya SQL, hiyo si hofu, ni somo. Tenga dakika 45 kila siku kwa wiki 2, ulimalize.

Ukaguzi wa msimbo ndio unaoumiza zaidi. Mgeni huwasilisha mabadiliko yake ya kwanza, akarudi kutoka chakula cha mchana akute maoni 23. Kabla hujajibu hata moja, yagawe mafungu: yanayosema programu itakosea, yanayohusu majina na mpangilio, maswali ya kutaka kuelewa, na mapendeleo ya mkaguzi tu. Fungu la kwanza kwa kawaida ndilo dogo, na ndilo la kuanza nalo. La pili lisikuondolee usingizi, kwani mengi ni desturi za ofisi ambazo hukuambiwa. Uliza kama kuna programu ya kupanga msimbo inayofanya kazi hiyo yenyewe, uiwashe, na wiki ijayo maoni hayo hayatakuwepo. La nne laweza kujadiliwa. Jibu kila moja, ama "nimerekebisha" ama sababu yako.

Maoni 23 mara nyingi hutokana na ukubwa pia. Mabadiliko ya mistari 900 humchosha mkaguzi. Ama ataandika risala, ama atapitisha bila kusoma, na hili la pili ni baya zaidi. Usizidishe mistari 200. Kama kazi ni kubwa, igawe: kwanza badilisha jina na panga upya bila kugusa tabia ya programu, kisha wasilisha tabia mpya peke yake.

Wakaguzi nao wana lao. Kwa Kiswahili, "Mbona umefanya hivi?" ikiandikwa kwenye skrini husomeka kama karipio la mama mkwe. Andika "Hapa orodha ikiwa tupu itakuwaje?" na utapata marekebisho badala ya mtu aliyejikunyata. Maoni yakizidi 10, funga kompyuta umwendee mkae naye.

Hofu kubwa kuliko zote ni ya kuharibu. Hapa pia hofu hupungua kwa kujua vitu viwili vitatu vya mkono, wala si kwa kupigwa bega. Kilichoshahifadhiwa kwenye Git (kwa amri ya git commit) ni vigumu sana kukipoteza. Ukiharibu tawi lako, yaani mkondo wako wa mabadiliko ndani ya Git, amri ya git reflog hukuonyesha kila mahali ulipokuwa, na kwa mpangilio wa kawaida rekodi hizo hukaa angalau siku 30. Kwenye tawi la pamoja usiandike upya historia. Tumia git revert, ambayo hutengua badiliko kwa kuongeza badiliko la kinyume, na kila mtu huona kilichotokea. Kinachopotea kweli ni kile ambacho hukukihifadhi, kwa hiyo hifadhi kila baada ya nusu saa au saa moja na kipandishe kwenye hazina kabla ya kuondoka. Stima ya Mombasa haina ratiba.

Hifadhidata ndiyo ya kuogopwa, na yafaa iogopwe kwa utaratibu. Unataka kufuta au kubadilisha rekodi? Kwanza andika agizo la kusoma, SELECT, lenye sharti lilelile la WHERE, uhesabu safu. Ulitarajia 14, umepata 14? Fungua muamala, yaani kazi inayoweza kutenguliwa kabla ya kuthibitishwa, kwa BEGIN. Endesha DELETE au UPDATE. Soma idadi ya safu zilizoguswa. Ikiwa ni 14, andika COMMIT. Ikiwa ni 41,000, sharti limesahauliwa au limekosewa. Andika ROLLBACK, na hakuna kilichotokea. Ukiacha muamala wazi ukaenda kunywa chai, utawafungia wengine safu hizo, basi umalize ulichoanza. Na kabla ya yote hayo, hakikisha uko kwenye seva gani. Weka rangi nyekundu kwenye dirisha la seva inayotumiwa na wateja na kijani kwa ile ya majaribio.

Kosa la seva haliwapati wageni peke yao. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo biashara yake ni hiyohiyo ya kutunza msimbo wa watu, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Data ilikuwa kama GB 300, na alipong'amua zilibaki GB 4.5. Nakala kadhaa za akiba zilizotegemewa zikaonekana hazikuwa zikifanya kazi. Walirejesha kutoka kwenye nakala iliyokuwa na umri wa karibu saa 6, na yaliyoingia katikati yakapotea. Kampuni ilichapisha maelezo yote hadharani na haikumtaja mhandisi kwa jina. Swali walilojiuliza halikuwa nani, bali kwa nini nakala za akiba hazikuwa zikijaribiwa. Meneja wa hapa anayemfokea mwanagenzi mbele ya watu kwa kufuta jedwali ajiulize kwanza nani alimpa mwanagenzi huyo neno la siri la seva ya wateja katika wiki ya 2.

Ukiharibu, sema ndani ya dakika 5, hata kabla ya kujua sababu. Ujumbe ni mistari minne: kimetokea nini na saa ngapi, nani ameathirika, nimefanya nini hadi sasa, nini sijakigusa. Usijaribu kukirekebisha kimyakimya, kwani marekebisho ya mtu anayetetemeka hufuta alama ambazo wengine wangezitumia kujua chanzo. Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka kampuni imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue kuwa data za watu zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Mkubwa anayewatisha watu wake anajinyima mwenyewe saa hizo.

Kuhusu kufukuzwa, neno linalowakosesha wengi usingizi, ni vizuri kujua lilivyo kwenye karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema muda wa majaribio usizidi miezi 6, na unaweza kuongezwa kwa miezi isiyozidi 6 mingine mfanyakazi akikubali. Katika muda huo mkataba unaweza kuvunjwa kwa ilani isiyopungua siku 7 au malipo ya siku hizo. Hofu basi ina msingi, lakini isikaliwe nayo kimya. Katika wiki ya 2 mwandikie msimamizi wako: siku ya 30, ya 60 na ya 90 unatarajia niwe naweza nini? Wengi watashtuka jinsi jibu lilivyo dogo. Siku ya 30 kwa kawaida hatutaki zaidi ya mtu kuiwasha programu, kumaliza kazi ndogo kadhaa zikapita ukaguzi, na kusema "nimekwama" kwenye kikao cha asubuhi bila kuzunguka. Hiyo pia ni ripoti kamili.

Zana za akili unde zimeleta shaka ya aina mpya. Kijana huomba msimbo, hupewa, unafanya kazi, na moyoni anajua si wake. Kanuni yetu ni fupi: usiwasilishe mstari ambao huwezi kuueleza ukiwa umefunga dirisha la mashine. Iombe ikueleze msimbo uliopo kuliko kukuandikia mpya, na usiibandikie majina, simu wala malipo ya wateja.

Kuhusu kujilinganisha na wenzako walioko Nairobi na picha zao za ofisini, hatuna la kusema ila kwamba hakuna anayepiga picha ya kosa lililomkwamisha. Na mtu asiyelala, asiyekula, anayepigwa na moyo kila Jumapili jioni kwa wiki 2 mfululizo, huyo asisome barua za magazetini. Amwone daktari au mshauri nasaha.

Waajiri wenzetu tunawaachia jambo ambalo halina gharama. Kabla mgeni hajaja Jumatatu, Ijumaa mtu mmoja aketi na orodha: laptopu ipo na imewashwa, akaunti ya barua pepe, ya Git na ya seva ya majaribio zimefunguliwa, faili ya siri imeandaliwa, jina la mtu mmoja wa kuulizwa limeandikwa, pamoja na saa zake, tuseme saa nne hadi saa tano asubuhi na saa tisa hadi saa kumi alasiri. Kazi ya kwanza iwe ya kubadilisha maneno ya kitufe au kosa la tahajia, ipite njia yote hadi kwa wateja ndani ya wiki hiyohiyo, aone mabomba yanavyopita. Na maneno "hii ni kazi ya dakika tano" yaondolewe kabisa ofisini, mpaka anayeyasema awe ameihesabu kwa saa ya mtu ambaye hajui faili iko wapi.

Ni sisi,
Wasimamizi watatu wa waandishi wa programu,
Mombasa